Risasi ya Garrowhope

Hapa barabara inakata tamaa.
Mbele yake kuna kondoo, mawe, mvua ya kuchapa ubavuni,
na nyumba kumi na moja zisizo na paa.
Zamani zilikuwa themanini na tatu.

Nimepanda kwa ajili ya daftari.
Kanisa limeuzwa; mnunuzi anataka jiko lake pale penye mimbari,
na kabatini, chini ya vitabu vya nyimbo vilivyoguguna panya,
zimelala hesabu za mgodi:
wino wa kahawia, mwandiko wa karani aliyekula akashiba.

Cuthbert Nattrass na wenzake watatu.
Mishumaa, ratili arobaini. Baruti. Kunoa sululu.
Vyote walikatwa. Malipo yalikuwa mara moja kwa mwaka,
na mwaka ule, makato yalipokwisha,
wanaume wanne waliokula giza miezi kumi na miwili
wakadaiwa shilingi sita.

Risasi ndiyo tuliyoichimba.
Risasi ya paa za makanisa, ya mabomba ya maji mijini,
ya herufi za magazeti
ambayo huku yalifika yamefunga nyama.
Na ile nyingine pia, ya mitutuni,
ingawa huku haikuhitaji bunduki.
Iliingia kwa pumzi, vumbi juu ya vumbi, bila mlio,
hata mtu wa miaka thelathini na minane
akawa anapanda ngazi ya nyumba yake
kwa vituo vitatu.

Bibi wa bibi yangu, Tamar Vipond, alisimulia
(maneno yamenifikia yamelika kama sarafu)
kwamba mwanawe Amos alianza kuosha mawe ana miaka tisa,
Aprili hadi Oktoba, miguu ndani ya kijito,
na jioni alipomvua soksi
ngozi nayo ilifuata.

Hakuna aliyeufunga mgodi kwa kelele.
Bei ilishuka tu, London, kwenye karatasi:
Wahispania walikuwa na risasi yao, juani, karibu na bandari.
Pampu zikanyamaza.
Maji yaliyofukuzwa miaka mia na hamsini
yakarudi kwao.

Watu wakaenda Durham kwenye makaa, wakaenda Iowa.
Ukoo wa Peart uliondoka wote siku moja
na mlango wa mbele juu ya mkokoteni,
kwa kuwa ubao ni ghali
na upepo haubishi hodi.

Ukurasa wa mwisho: Amos Vipond, kuosha, siku arobaini.
Nikatafuta jumla.
Karani hakuiandika.

Nimelitia daftari ndani ya koti, nateremka,
na kijito kinateremka nami, kinacheka, cheupe kama kioo,
kijito ambacho Wilf Coulthard, hadi leo,
amekizungushia waya
kondoo wake wasinywe.