Mistari ya Kijani

Duluth, Januari. Ziwa limeganda hadi mguuni pa mnara wa taa.
Aino Rautio, ghorofa ya chini ya hospitali,
amevua buti, nyayo juu ya hita,
anahesabu ukaidi wa madaktari.

Ndiyo kazi yake:
daktari akiagiza picha, CT au MRI,
kisanduku huruka kwenye kioo na kusema
subiri, au haina haja,
au alama tatu kati ya tisa.
Daktari hutii, ama hupuuza na kuandika sababu.
Aino hukusanya. Mwisho wa mwezi hupaka rangi:
aliyetii, kijani; aliyekaidi, nyekundu.
Wakubwa wa ghorofa ya sita hupenda kijani.

Na sababu zenyewe! Desemba pekee, mia nne na kumi na moja.
Mia mbili na sita ni nukta tupu.
"Ndiyo." "Mgonjwa kataka." "Xxxx."
"Najua ninachofanya": huyo Brekke, saa tisa usiku,
mara saba kwa zamu moja.
Na mmoja ambaye hakutaja ugonjwa wowote:
"Kaka yake alikufa akilalamikia kichwa hivihivi."
Aino aliukodolea macho mstari huo, chai ikapoa.
Kisha akaupaka nyekundu, kanuni ni kanuni.

Siusemi vibaya mtambo.
Yupo binti wa miaka kumi na tisa, kipandauso,
aliyerudi nyumbani bila mionzi kumpita ubongoni
kwa kuwa kisanduku kilikataa, na Amundrud alikisoma.
Binti hatajua kamwe. Wema wa aina hiyo haupewi asante,
hupewa mstari tu, wa kijani.

Lakini usiku huu kidole kilibofya pasipo pake,
jedwali likajipanga upya kwa namba za wagonjwa,
na namba moja ikasimama mara nne, kama mtu mlangoni.

Mwanamume, hamsini na nane, mpakiaji wa madini ya chuma.
Mgongo unauma. Kisanduku: subiri wiki sita.
Daktari katii. Kijani.
Siku ya tisa, mgongo. Katii. Kijani.
Siku ya ishirini na mbili, mgongo,
miguu inakufa ganzi akiamka. Kijani.
Siku ya thelathini na moja aliletwa kwa kiti cha magurudumu
na hapo hakuna aliyekiuliza kisanduku.

Usaha, kwenye uti wa mgongo.
Homa ilikuwapo tangu siku ya kwanza:
muuguzi aliiandika kwa maneno yake, chini kabisa,
"anatetemeka, anasema ni baridi ya gatini",
pale ambapo mtambo hausomi. Mtambo husoma tiki.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa.
Daktari huyu alisikia. Mara tatu alisikia.
Guu lilikuwa la mtu mwingine.

Jina la mtu huyo Aino halijui, sheria inataka asilijue.
Anajua umri, na msimbo wa posta:
ule mtaa wa mteremko mkali, ngazi nje ya kila nyumba,
theluji hadi magotini.
Anazihesabu ngazi kichwani, bila kutaka.

Miaka mitatu amewinda makosa kwenye nyekundu.
Kimya kingi kina mshindo mkuu,
na kimya chake kilikuwa na rangi, aliipaka mwenyewe.

Ripoti inatakiwa saa mbili asubuhi.
Aino anafungua safu mpya, ya kumi na mbili,
juu yake anaandika: Alirudi?

Kisanduku kinaruka.
Unabadilisha jedwali lililoidhinishwa. Andika sababu.

Anaweka nukta.
Anaiangalia.
Anaifuta, anavuta kiti karibu,
anaanza: Siku ya tisa