Daftari la Zamu

Mvua ya masika hapa Msongola haibishi hodi.
Inaanzia kwenye mabati ya Kondo, fundi gereji,
inaruka kwa Nyamizi, na ikifika kwetu
imeshakuwa kelele moja,
na ndani ya kelele hiyo
mtu anaweza kufanya lolote.

Ndiyo maana tuna zamu.

Kiangazi kazi ni nyepesi:
kufukuza wanaoosha bodaboda ukingoni,
kuopoa pampasi kwa upondo wa mwanzi,
kumwambia Kondo, mara ya saba sasa,
oili chafu haizami, Kondo, inatembea,
itakurudia ndani ya kikombe cha chai.
Alicheka. Kesho yake akaleta pipa,
akaliandika kwa brashi: HUMU.

Usiku wa mvua ni wa wezi wasiochukua kitu.
Wao wanaacha.
Mtu anaamka saa nane, anashika sururu,
anatoboa ukuta wa shimo la choo,
kisha anawaachia mvua na mteremko wamalizie.
Tunaita kutapisha.
Kana kwamba nyumba ndiyo inayoumwa
na jirani ndiye beseni.

Na mteremko wetu wote unakwenda bwawani.
Kaya mia mbili na kumi na nne zinachota humo.
Nimezihesabu mimi, katibu, kwa kalamu ya bluu,
baada ya mwaka ule tuliozika watatu,
mmoja wao wa umri wa kutumwa dukani
kwa mara ya kwanza.

Kwenye kikao Bi Chausiku hakuhutubia.
Aliweka glasi ya maji ya bwawa
mbele ya mwenyekiti wa mtaa.
Kunywa, akasema.
Mwenyekiti akaitazama. Sote tukaitazama.
Nzi akatua kwenye ukingo wa glasi, akaghairi.
Jioni ile ile watu walikuwa wanachimba mfereji wa kinga
kwa majembe, kwa sepetu, na mtoto mmoja kwa mwiko.

Sasa niseme la Ijumaa.

Zamu ilikuwa yangu na Atupele,
tochi moja, filimbi moja, mwavuli wenye mbavu nje.
Saa nane na robo harufu ikatufikia.
Tukaifuata kupanda, maji yakitupita miguuni,
na mimi nikawa naandika majina kichwani:
wale wapangaji wa nyumba ya kijani,
yule wa nguruwe,
yule asiyehudhuria vikao.
Niliwahukumu wote kabla ya kona ya pili.

Kisha mwanga ukaangukia mgomba ninaoujua.
Kamba ya nguo ninayoijua,
na juu yake kanga yangu
niliyosahau kuianua.

Shemeji Mwinjuma alikuwa kifua wazi,
sururu mkononi, amelowa kama kifaranga.
Gari la majitaka ni laki na ishirini, alisema.
Nilikuwa nakupunguzia, shemeji.
Na alisema kweli. Hilo ndilo lililonichoma.

Atupele akazima tochi.
Alinipa giza
nilitumie nitakavyo.

Mvua ikanyesha juu yetu watatu.
Nikapuliza filimbi.

Ukurasa wa thelathini na moja unasomeka hivi:
Nyumba namba themanini na nane. Faini elfu hamsini.
Shahidi: katibu.
Mwenye nyumba: katibu.
Sahihi mbili, mkono mmoja,
ile ya pili imetetemeka kidogo.

Asubuhi walikuja wanane na saruji nusu mfuko
kuziba tundu. Hakuna aliyenisemesha.
Kondo tu ndiye aliyenong'ona
kwamba lile pipa lake linavuja,
niliandike nalo, ili nisiwe peke yangu.

Mama mkwe hajanipa salamu mpaka leo.

Zamu ya Jumanne ni ya Mwinjuma.
Aliiomba mwenyewe, akiangalia chini.
Nimemwandika.
Kwa penseli.