Mti Nambari Saba

Walikuja na kopo la rangi nyekundu na brashi moja
wakahesabu miti ya uwanja ulio nyuma ya kota kuukuu za Tudor
kama watu wanaohesabu madeni:
moja, mbili, msufi ni tatu,
mkungu uliopinda ni tano,
mkwaju wa pembeni, ule mkubwa, saba.

Nimefanya kazi wodini miaka ishirini na miwili.
Mwanagenzi akiniambia, "Nambari saba anataka maji,"
humkatiza papo hapo:
saba ni kitanda. Kitandani kuna mtu.
Muulize jina, kisha mpe maji.

Basi nawaambia na nyinyi.
Saba ni rangi. Chini ya rangi pana gome,
nyuma ya gome tundu, na ndani ya tundu
komba na wanawe wawili, macho kama vifungo vya koti,
wanaolia usiku kama watoto walioachishwa ziwa
hata Bi Rukiya wa ghorofani afungue dirisha awatukane;
na asipowasikia siku mbili
huteremka na ndizi.

Msufi ni wa popo.
Alfajiri nikitoka zamu, nao watoka zamu yao,
twakutana langoni, wao juu, mie chini,
sote twanuka kazi.
Wanajining'iniza, wanagombana kidogo
nani kalala mahali pa nani,
kisha kimya, kama wodi baada ya dawa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Hema la kukodi, soda baridi.
Mhandisi, kijana mstaarabu, wala simchukii,
alituonyesha picha: minara minne, bwawa la kuogelea,
watu wembamba wasio na vivuli,
na miti ya duara, sawasawa, kama vitumbua kwenye chano.
Jina la mtaa mpya: Mikwajuni.
Bi Rukiya alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.
"Mwanangu, mui huu tushauzoea.
Mwembe Tayari, mwembe u wapi?
Twakata mti, twabaki na jina la kuandikia bahasha."

"Kila mti mmoja tutapanda kumi," akajibu.
Nimeiona hiyo kumi. Imo mifukoni, yanifika gotini.
Komba angoje wapi? Popo tuwape miadi
ya miaka arubaini?

Tsuma akasimama nyuma kabisa, akasema anataka kazi,
na kwamba kivuli hakiliwi.
Sikuwa na jibu. Bado sina lote.
Mimi mwenyewe napanga chumba kimoja; mvua ikinyesha
nahamisha godoro.
Sisemi nyumba zisijengwe. Nasema kuna maghala matupu
yaliyolala na kutu, hayana hata mjusi.
Nasema bei ya picha ile hailipi nesi, hailipi Tsuma;
atachanganya saruji mpaka ghorofa ya mwisho,
kisha lango lifungwe, naye yuko nje.

Fomu ya pingamizi ina mistari miwili:
Eleza utakavyoathirika.
Niliandika kwa mwandiko wa chati, mdogo, wa kubana:
usiku niliofumba macho ya mtu, nikirudi,
sauti ya komba ndiyo...
Nikafuta. Hilo ni langu, si la kaunti.
Nikaandika: mikwaju, msufi, mkungu, miarobaini sita.
Nikaandika: tundu la nambari saba lina wakazi,
hawakuitwa mkutanoni.
Mistari ikaisha. Nikaendelea pambizoni, kisha nyuma.

Uamuzi umeahirishwa wiki tatu.
Jana asubuhi nilimkuta Tsuma chini ya saba
akiokota ukwaju ndani ya mfuko wa unga.
Hatukusalimiana vizuri.
Alinigawia ukufi mmoja, bila kunitazama.
Nikala nimesimama, na sare yangu ya usiku,
mkali mpaka masikio yakanicheza.