Usifute. Masika.

Ghala la Kyarumba lina kompyuta ya kijivu,
kisogo chake kinene kama chungu cha pombe,
feni yake hukohoa kabla haijaamka.
Masika huifunika kitenge vumbi la kahawa likipanda.
Mfumo wake endeshi ni rika la bintiye,
na bintiye mwaka huu yuko kidato cha nne.

Nilimwambia kwa simu: toleo hilo limekwisha kuzikwa,
hata waliolizaa hawalijibu tena.
Akacheka. "Limezikwa huko kwenu.
Hapa jana limepima magunia mia na kumi."

Mimi ninakaa Kasese, juu ya duka la saruji,
mashine nne mezani, kila moja na zama zake.
Nikiongeza kitufe kimoja, nakijaribu mara nne.
Maandishi yaliyotulia kwenye mpya
kwenye kongwe yanamwagika nje ya kisanduku
kama uji uliosahauliwa jikoni.
Na kongwe inachokipokea bila neno
mpya inakisimamisha mlangoni: cheti kiko wapi,
ruhusa umepewa na nani, wewe ni nani?
Mimi. Mimi niliyekiandika.

Basi msimbo wangu umejaa "kama".
Kama ni la kale, pita uani.
Kama ni la juzi, vua viatu.
Kama ni la leo, bisha hodi mara mbili.
Kama hulitambui, usianguke, andika kosa, ngoja.
Kiraka juu ya kiraka,
hata sikumbuki suruali yenyewe ilikuwa rangi gani.

Usiku mmoja nikachoka. Nikaifuta njia ya uani,
mistari mia sita na arobaini.
Programu ikawa nyepesi. Nikalala kama mtoto.

Saa moja asubuhi, Masika. Hakupandisha sauti.
"Mizani inasema, kompyuta haisikii.
Foleni imefika barabarani.
Yupo mama ametoka mlimani na gunia mgongoni,
kamba ingali kwenye paji la uso.
Nimwambie nini? Kwamba tumezikwa?"

Mshairi akikosea mizani, wajuzi hununa.
Mimi nikikosea, kilo za mtu zinapotea.

Huko mtandao haufiki. Nikamwita Baluku wa bodaboda,
flashi akaitia ndani ya soksi kwa ajili ya mvua,
akapanda na matope yake.
Nikabaki dirishani nikihesabu mifuko ya saruji ya watu,
nikiukumbuka mbachao na msala upitao,
nikiona haya.

Saa nne kasoro ujumbe ukaingia, bila salamu:
"62.5. Amelipwa."

Sasa juu ya ile mistari mia sita na arobaini
nimeandika maneno mawili ambayo mashine huyaruka,
hayafanyi kazi yoyote.
Atakayekuja baada yangu atauliza
Masika ni amri ya aina gani.