Bibo Hewani

Projekta tuliazima kwa katibu wa chama cha msingi,
ile anayoonyeshea bei za mnada wa korosho.
Sharti lake lilikuwa moja: irudi kabla ya saa kumi,
na ikirudi na vumbi, nirudi na maelezo.
Shuka ni la nyumbani kwangu. Sikuliomba.

Kidato cha Tatu B, Newala, mwezi wa kumi.
Madirisha tumeyaziba kwa magunia ya korosho,
giza la darasani linanuka katani na jua.
Wanafunzi hamsini na wanane, simu moja,
kioo chake kina ufa kutoka kwenye saa hadi kwenye betri.

Miaka kumi na miwili nimeuchora mkunjo huu ubaoni.
Nikauita parabola, wakaandika parabola.
Nikasema eksi skweya, wakajibu eksi skweya,
kama watu wanaoitikia dua ya lugha wasiyoijua
wakiomba tu iishe.

Asubuhi ile tulitoka nje.
Likomanje akarusha bibo, jekundu, limeiva hadi linatoka jasho,
nami nikarekodi kwa mwendo wa pole,
ule ambao vijana hujirekodia wakicheza.
Mara ya kwanza likampata mkuu wa shule begani.
Mara ya pili mbuzi akaliwahi.
Ya tatu ndiyo tuliyoingia nayo ndani.

Shukani, bibo linapanda bila haraka.
Linafika juu, linasita,
kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani,
halafu linaikumbuka ardhi.

"Rudisha," akasema Somoe Mtopwa.
Somoe wa dawati la nyuma, Somoe wa alama nane kwa mia,
anayefika kachelewa maana zamu ya maji ni yake
na bomba la mtaani kwao halijui kengele ya shule.
"Simamisha. Sogeza. Simamisha."
Nikasogeza picha tatu, tena tatu, tena tatu,
na kila niliposimama akatia nukta ya mkaa,
kuanzia kule juu liliposita,
mkono wake ukikatiza mwanga,
bibo likimtambaa kiganjani.

Kisha akapima, nukta hadi nukta, wima kwenda chini.
Kwa vidole, ilhali rula ipo.

Kidole kimoja.
Vitatu.
Vitano.
Saba.

Darasa likacheka, halafu likaacha kucheka.
Somoe alikuwa anajumlisha kwa midomo, kama anayehakiki chenji:
moja, nne, tisa, kumi na sita...
"Mwalimu, kwani hii si ndiyo ile eksi skweya yako?"

Sikujibu.
Kanuni naijua, niamshe usiku wa manane nitakutajia,
ila sikuwahi kujua kwamba ina vidole.

Umeme ukakatika papo hapo, ungesema umetumwa.
Likomanje akang'oa gunia moja dirishani.
Bibo lilikuwa limezimika. Nukta zilikuwepo.
Hakuna aliyetoka kwenda mapumziko,
na watatu walikuwa wamepiga magoti mbele ya shuka
wakibishana kuhusu unene wa kidole cha nani.

Projekta niliirudisha saa kumi na moja kasorobo.
Katibu aliipangusa kwa kiwiko, hakunisalimia.

Jioni Mwanahawa akalikunjua shuka lake,
akalitazama, akanitazama.
Hapa kwetu ndoo ya maji ni hela,
na mkaa hautoki kwa aibu ya mume.
Nikaeleza yote: mbuzi, ufa wa simu, Somoe,
moja, tatu, tano, saba.
Akasikiliza, shuka limemning'inia mikononi.

"Na nukta inayofuata?"
"Shuka liliisha."

Akanipa upande mmoja nishike.
Akaweka vidole chini ya pindo, pasipo na kitambaa:
vinne, tena vinne, na kimoja.
"Hapa," akasema,
kidole kimesimama hewani,
na hakukitoa upesi.