Kipya Kinyemi

Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Dirisha nimelibana kwa utepe na nailoni,
nikaikaza kwa mashine ya kukausha nywele
hata ikalia kama ngozi ya chapuo.

Chumba cha mtoto nimekipaka manjano ya ndizi mbivu.
Zuwena, mimba ya miezi saba, akasimama mlangoni:
"Kinanukia upya," akasema.
Nami kichwa kikavimba: fundi, baba,
mwenye nyumba (ingawa nyumba ni ya benki).

Kitanda kilikuja ndani ya boksi,
mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi,
skrubu arobaini na mbili, moja ikazidi.
Zulia tulipolikunjua, likapumua.
Sikujua kuwa vitu hupumua.

Usiku wa tatu kichwa kikaanza kugonga.
Zuwena akaamka koo likimkwaruza,
akasema ni mafua. Nikasema ni mafua.
Tukachomeka ukutani kile kichupa cha manukato,
tukafunika harufu kwa harufu,
kama alipaye deni kwa kukopa.

Bi Halyna wa jirani alileta sahani ya vyakula vya kwao,
akasita kizingitini.
Miaka ishirini na sita alipiga vanishi kiwandani.
"Pua yangu ilishakufa," akasema,
"siku hizi nanusa kwa kifua."
Akayataja: fomaldehaidi, tolueni, benzini,
nami nikayarudia mojamoja
kama bwana harusi anayejifunza majina ya wakwe.
"Mengine huwasha macho, yakapita.
Mengine hayana haraka. Huisubiri damu."

"Fungua dirisha."
"Nje kuna thelathini, Bi Halyna!"
"Baridi utaivalia sweta. Hiyo nyingine
utaivalia nini?"

Nikaichana nailoni yangu ya dola ishirini.
Upepo ukaingia kama askari mwenye hati.
Nikauliza: na udi, ule anaotutumia mama?
Akacheka mpaka akakohoa,
akakohoa mpaka akakaa chini.
"Moshi ni moshi, mwanangu, hata wa sala."

Kile kitanda kipo gereji, kinasubiri kiangazi.
Mtoto atalalia cha mjukuu wa Bi Halyna,
kikuukuu, ubavuni kina alama za meno,
kimekwisha kutoa pumzi zake zote
kabla sisi hatujaja nchi hii.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda:
nilikuwa nikiusema kwa kujifaharisha,
nikiishia katikati.

Skrubu ile iliyozidi bado iko mfukoni.
Naipapasa ninapohesabu dakika kumi,
asubuhi na jioni, dirisha wazi,
sote wawili na makoti yetu,
watatu.