Kahawa Mzuri

Jumamosi ya kwanza alikuja na harufu ya gunia,
akaketi karibu na mlango, kandambili moja ndani, moja nje,
kama mtu aliyekuja kudai deni dogo asilotaka kulitaja.
Ndeshukurwa. Mchambuzi wa kahawa kiwandani, miaka kumi na tisa.
Alisoma mstari wake mmoja:
“Kahawa mzuri inasafiri, mbaya inarudi na mimi nyumbani.”

Nami, niliyefundisha sarufi Majengo mpaka pensheni,
sikungoja hata pumzi yake itue.
“Nzuri,” nikasema. “Kahawa nzuri. Ngeli, mama, ngeli.”
Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi tangu asubuhi
na ilikuwa haijapata kazi.

Hakubisha.
Alikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga
pale anapofungia nauli,
akawasikiliza wengine hadi mwisho, akashukuru, akaenda.

Jumamosi ya pili kiti chake kilikaliwa na mkoba wa mtu.
Ya tatu, hata mkoba haukuwapo.

Nilijiambia: ana kazi. Mvua. Wajukuu.
Kisha nikaanza kuwahesabu wasiokuja
nikaona wananizidi.
Hemedi fundi redio, na baiskeli yake ya magurudumu matatu,
aliishia chini ya ngazi zetu, akasalimia kwa sauti, akageuza.
Wasabato wa kutoka Upareni: Jumamosi si yangu kuwaomba.
Lemburis analinda benki usiku; saa nne asubuhi
ndiyo kwanza anavuta blanketi.
Na bango langu mlangoni, kwa wino wa kijani:
KARIBUNI WOTE,
na chini yake, kwa herufi za mchwa,
Kiswahili fasaha tu.

Nikamfuata kwake Pasua. Vumbi; mlima umejifunika gubigubi.
Alinipa kiti, mwenyewe akakalia ndoo.
Hakunilaumu. Alisema tu:
“Mwalimu, mkono wangu huijua punje mbovu kabla ya jicho.
Haufikiri. Unatupa.
Siku ile nilikuangalia mkono.”

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Niliinywa yote, kimya.

Usiku herufi moja ilininyima usingizi.
M.
Mtu mzuri. Mti mzuri.
Anayeishika kahawa punje kwa punje miaka kumi na tisa,
ya kusafiri huku, ya kubaki huku,
nani kamwambia si mtu, na nani kamwambia si mti bado?
Asubuhi nikampelekea ugunduzi wangu, mbio mbio.
Alicheka mpaka akashika ubavu:
“Hee! Mimi niliandika tu nilivyosikia.”

Basi. Hata kusifu kwangu kulikuwa kusahihisha.

Sasa tunakutana Jumatano jioni, chini,
dukani kwa Jyotsnaben, akishafunga hesabu za vitambaa.
Siku hiyo tuliipata kwa ugomvi: Ijumaa ina wenyewe,
Jumapili ina wenyewe, Jumatano ilinunisha kwaya peke yake.
Hemedi huingia na baiskeli yake, tunasogeza cherehani.
Lemburis hupitia akielekea lindoni, rungu mlangoni, daftari kwapani.
Asiyejua kuandika husema, jirani humwandikia,
kisha humsomea polepole na kuuliza: “Ndivyo?”
Mara nyingi sivyo. Wanafuta, wanaanza upya,
na taa ya duka inakula umeme wa watu.
Anayetaka kusahihishwa hunyoosha kidole.
Wapo ambao hawajanyoosha tangu Machi.

Ulimi wangu una alama za meno.

Juma lililopita Elinami, wa bodaboda, alisimama
akasoma kuhusu moto uliounguza chumba chake:
“vitu zangu zote,” alisema, “vitu zangu zote,”
nami nikakohoa.
Ndeshukurwa hakugeuza kichwa.
Aliniangalia mkono.
Nikautia mfukoni.